Punguza rangi, kazi iende

MEZA YA KAZI
Na Rehema Salehe

Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima. Nilikuwa Lushoto msibani, na hesabu za Aprili zilikuwa zinanisubiri kwenye kompyuta ya ofisini, Dar es Salaam. Nikaunganisha kompyuta mpakato na simu yangu, nikaingia kwa mbali kwenye ile ya ofisini. Skrini ikaanza kujichora vipande vipande: kwanza ile picha ya mlima iliyowekwa nyuma, kisha ikoni, jedwali langu likaja mwisho. Kila nikibofya, nahesabu hadi tisa ndipo inaitika.

Nikampigia fundi wetu wa kompyuta. Nilidhani ataniambia ninunue bando kubwa zaidi. Akasema, "Dada Rehema, toka, punguza rangi, halafu ingia upya."

Tangu siku hiyo naamini tunalipia kasi tusiyoihitaji, ilhali mzigo wenyewe tungeweza kuupunguza.

Kila nukta ya skrini husafiri na rangi yake. Rangi hiyo ikiandikwa kwa biti 24, rangi zinazowezekana ni zaidi ya milioni 16. Kwa biti 16 ni 65,536. Kwa biti 8 ni 256 tu. Kompyuta mpakato ya kawaida, yenye skrini ya 1366 kwa 768, ina nukta zaidi ya milioni moja. Kwa biti 32, picha moja nzima ni takriban megabaiti 4.2 kabla ya kubanwa. Kwa biti 16 ni nusu yake. Kwenye intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni tofauti ya sekunde 17 na sekunde 8 na nusu. Ni kweli programu ya kuingia kwa mbali huubana mzigo huo na kutuma sehemu zilizobadilika tu, lakini mtandao ukiwa mwembamba, kila kilichopungua kinaonekana.

Mhasibu anahitaji tarakimu zisomeke. Karani wa stoo anahitaji orodha ya mali. Hakuna kati yao anayehitaji rangi milioni 16, wala picha ya mlima, wala madirisha yanayofunguka kwa madoido. Daktari anayesoma picha za eksirei na msanifu wa magazeti ni habari nyingine; hao waachiwe rangi zao. Na penye programu mpya zinazobana picha kwa ustadi zaidi, jaribu kwanza kuondoa picha ya nyuma na madoido, kisha rangi, uone kipi kimesaidia. Ukiwa kwenye intaneti ya setilaiti ya mbali, ule ucheleweshaji wa safari ya angani hautaondoka kwa kupunguza rangi.

Mtu hujikuna ajipatapo. Nawaomba wakuu wa vitengo vya kompyuta: msisubiri mtumishi wa wilayani apige simu akiwa amekata tamaa. Mipangilio hii ya rangi na madoido huhifadhiwa kwenye faili moja dogo. Liandaeni, mtumieni kila anayefanya kazi mbali na makao makuu, na mumweleze kwa Kiswahili linafanya nini.

Mimi hesabu za Aprili nilizifunga usiku uleule, kwa bando lilelile. Mwenzangu wa tawini bado anahesabu hadi tisa.