Mnada wa fantasi: Usinunue jina, nunua pointi

Kijana aliyekulia kwenye ng'ombe Kenyamonta, wilayani Serengeti, hadanganyiki kirahisi mnadani. Kabla ya kutoa hela anaangalia meno, anauliza ng'ombe amezaa mara ngapi, kisha anapita kuona wengine wanauzwaje.

Lakini mweke kijana huyohuyo kwenye mnada wa fantasi na washikaji zake. Akisikia jina la Erling Haaland tu, nusu ya bajeti imekwenda. Na kama kila mmoja ametoa kiingilio, hapo ni hela ya kweli inayopotea.

Mnada siyo FPL ya kawaida

Kwenye FPL unapewa pauni milioni 100 za mchezo, unasajili wachezaji 15, na bei zimeshapangwa. Watu wote wanaweza kuwa na Mohamed Salah.

Kwenye mnada, bei mnapanga wenyewe kwa kupandishiana. Salah akishachukuliwa na mmoja, wengine mtafute mwingine.

Mtindo huu ulianzia Marekani kwenye besiboli. Mwaka 1980, mwandishi Daniel Okrent na wenzake wa New York walianza kununua wachezaji kwa mnada. Leo kawaida ya besiboli ni dola 260 kwa wachezaji 23. Kutoka huko ndiko ilikotoka hesabu ya kugeuza tathmini ya mchezaji kuwa bei.

Namba zinasemaje

Tazama washambuliaji watatu wa FPL msimu wa 2024/25, na bei walizoanza nazo:

- Haaland: milioni 15.0, pointi 181
- Alexander Isak: milioni 8.5, pointi 211
- Chris Wood: milioni 6.0, pointi 200

Wood aligharimu chini ya nusu ya Haaland, na bado akamzidi. Jina kubwa halikuleta pointi nyingi.

Hesabu yenyewe

Tuseme mpo 8, kila mmoja ana 100. Jumla mezani ni 800.

1. Mnahitaji wachezaji 120. Tenga 1 kwa kila mmoja, zinabaki 680.
2. Mtafute mchezaji wa mwisho atakayenunuliwa kwenye kila nafasi. Tuseme ana pointi 100. Huyo ndiye kipimo, maana wa aina yake utampata kwa bei ya chini kabisa.
3. Kila mchezaji mhesabie pointi alizomzidi huyo wa mwisho. Wood amezidi kwa 100, Haaland kwa 81.
4. Jumlisha ziada za wote 120. Tuseme zimefika 6,800. Gawa 680 kwa 6,800: kila pointi ya ziada ina thamani ya 0.1.

Kwa hesabu hiyo Wood ni 11, Haaland ni 9.1. Salah, aliyeweka rekodi ya pointi 344 msimu huo, anafika 25.4. Kwa hiyo Salah ni halali kumpigania. Haaland wa 40? Mwachie jirani, na ufurahi, kwa sababu amebaki na 60 za kununua wachezaji 14.

Namba nazo zina mtego

Hizo ni pointi za msimu uliokwisha. Haaland alipata 272 msimu wa 2022/23, 217 uliofuata, kisha 181. Anayelipa kwa rekodi ya zamani ananunua maziwa yaliyokwishakamuliwa. Punguza au ongeza kulingana na umri, majeraha na dakika anazocheza.

Kuna na kalenda. AFCON 2025 ilianza Desemba 21, katikati ya msimu wa England. Aliyemnunua Salah wa Misri au Bryan Mbeumo wa Cameroon alipaswa kukata bei mapema kwa mechi watakazokosa.

Kwa hiyo andika bei ya mwisho ya kila mchezaji kabla mnada haujaanza. Ikipitwa, nyamaza. Kelele za washikaji zitakusukuma uongeze, kama dalali anavyofanya sokoni. Mfugaji mzoefu humsikiliza dalali hadi mwisho, halafu anarudi kuangalia meno.