Karafuu nayo ni ua

Ahsante ndugu mwandishi kwa makala yako. Kisa cha Mfalme Henry VII wa Uingereza kuunganisha waridi jekundu la Lancaster na jeupe la York nimekipenda, ila hapo uliposema kwamba sisi Watanzania hatuna ua katika alama zetu za taifa, siafiki. Itazame tena Ngao ya Taifa: miguuni pa yule mwanamume na mwanamke pamechorwa pamba na karafuu. Na karafuu ni tumba la ua, huchumwa kabla halijachanua, maana likishachanua thamani yake imeshuka. Mimi nimekulia Pemba. Msimu ukifika, nyumba nzima tulikuwa mikarafuuni, jioni tunachambua makonyo, asubuhi tunaanika juani juu ya majamvi. Ua hilo ndilo lililotusomesha.

Na nyinyi wasomaji wenzangu mnaosema karafuu ni zao la biashara tu, historia yake ni nzito kuliko hivyo. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Huku Unguja na Pemba ilienea enzi za Sultani Sayyid Said kwa jasho la watumwa, kisha kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo tegemeo. Hata bendera ya Zanzibar ya Desemba 1963 ilibeba karafuu mbili ndani ya duara la kijani. Walimu, mnapofundisha Ngao ya Taifa, tafadhali waelezeni watoto habari hii yote, na ya wale watumwa msiiruke.