Betri Isihukumiwe Bila Ushahidi

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuulinda mfumo wake wa Windows 10. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi za umma, shule na vyama vya ushirika vimekuwa vikihamishia kompyuta zao kwenye mfumo wa Windows 11. Hatua hiyo hatuipingi. Mfumo ambao matundu yake hayazibwi tena ni sawa na ghala lisilokuwa na komeo, na mwenye ghala hawezi kumlaumu mwizi peke yake.

Lakini pamoja na mabadiliko hayo yamezuka malalamiko ambayo sasa yanasikika kila mahali. Watu wanasema kuwa kompyuta mpakato iliyokuwa ikifanya kazi saa tatu au nne bila umeme, baada ya kuwekewa mfumo mpya haimalizi hata saa moja na nusu. Jibu linalotolewa ni moja tu: betri imekufa, inunuliwe nyingine, na mara nyingine huambiwa kwamba kompyuta yote imepitwa na wakati, inunuliwe mpya. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, maana fedha zinazotakiwa ni za wananchi.

Huenda wako watakaosema kwamba betri ni jambo dogo lisilostahili nafasi katika safu hii. Sisi tunaandika kutoka Magoma, katika bonde la Lwengera linalotenganisha Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki. Huku, mti mmoja ukiangukia nyaya wakati wa masika, vijiji kadhaa hulala gizani, na mtendaji anayetakiwa kukamilisha taarifa yake siku hiyo hana msaada ila ule uliomo ndani ya betri.

Ndugu zetu wa Visiwani nao hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wananchi wa Unguja wanaukumbuka mwaka 2008, ambapo njia ya umeme wa kutoka bara ilipata hitilafu mwezi Mei na kisiwa kikakosa umeme kwa takriban mwezi mzima. Wanakumbuka pia kipindi cha Desemba, 2009, hadi Machi, 2010, walipokaa karibu miezi mitatu katika hali hiyo hiyo. Pemba nayo ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha hadi mwaka 2010, ulipotandazwa waya chini ya bahari kutoka hapa hapa Tanga. Anayeishi mwisho wa waya mmoja anajua thamani ya akiba. Kwake yeye, betri ya kompyuta ni sehemu ya ofisi.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Kompyuta tunayoiandikia makala haya ilinunuliwa mwaka 2021. Kabla ya kuwekewa mfumo mpya ilikuwa ikidumu saa tatu na nusu. Wiki moja baada ya mfumo huo kuingia, ilikuwa ikizimika baada ya saa moja na dakika ishirini. Tuliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Aliishika, akaipima uzito kwa mkono, akasema: "Mzee, hizi betri zikishakutana na mfumo mpya ndiyo basi tena." Bei aliyoitaja ilikaribia robo ya bei ya kompyuta yenyewe. Tulipomwuliza amejuaje kwamba kosa ni la betri, hakuwa na jibu.

Tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utotoni kwamba kadhi hahukumu kwa kusikia upande mmoja. Basi tulirudi nayo nyumbani, tukaamua kumsikiliza mshitakiwa.

Ili jambo hili lieleweke, msomaji na afikirie mtungi wa maji uliomo nyumbani. Ikiwa zamani maji yake yalitosha kutwa nzima na sasa yanakwisha kabla ya adhuhuri, sababu ni mojawapo kati ya mbili. Ama mtungi umeharibika, hauchukui tena maji uliokuwa ukichukua, ama watekaji wameongezeka. Betri ndiyo mtungi, na programu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta ndizo watekaji. Mfumo mpya hubadili watekaji, wala hautoboi mtungi. Kwa hiyo, mtu anayenunua mtungi mpya kabla ya kuwahesabu watekaji atapoteza fedha zake, na maji yataendelea kwisha kabla ya adhuhuri.

Hatua ya kwanza, basi, ni subira. Mfumo mpya unapoingia huwa na kazi nyingi za ndani ambazo mwenye kompyuta hazioni. Hupanga upya orodha ya mafaili yote ili yatafutike kwa haraka, huyakagua kama yana virusi, na hupakua nyongeza za programu moja baada ya nyingine. Kazi hizo huweza kuchukua siku moja au siku kadhaa, hasa pale ambapo intaneti ni dhaifu kama huku kwetu. Kompyuta iachwe kwenye umeme ikiwa imewashwa, imalize kazi yake. Kuihukumu betri katika siku hizo ni sawa na kulalamika kwamba maji yamekwisha siku ya harusi.

Hatua ya pili ni kuwatambua watekaji. Katika mipangilio ya Windows 11 iko sehemu ya umeme na betri, nayo huonyesha kila programu imekula kiasi gani cha betri katika saa 24 au siku saba zilizopita. Kwetu sisi mkosaji alionekana mara moja. Ilikuwa programu inayonakili mafaili yetu na kuyapeleka kwenye hifadhi ya mbali. Baada ya mfumo kubadilika ilikuwa imeanza kuyapeleka yote upya, na kwa kuwa mtandao ulikuwa unakatika, haikumaliza na wala haikupumzika. Tuliiagiza ifanye kazi wakati kompyuta iko kwenye umeme tu.

Mkosaji wa pili alijificha zaidi. Usiku tulikuwa tukiifunga kompyuta ikiwa na asilimia 80, na asubuhi tunaikuta na 52. Kompyuta nyingi za siku hizi zikifunikwa hazilali usingizi wa kweli. Hufumba jicho moja na kuendelea kupokea habari. Dawa yake ni kuiagiza kwamba ikifunikwa ihifadhi kazi iliyokuwapo kisha izime kabisa. Dawa nyingine ni kupunguza mwangaza wa kioo, kuwasha kipengele cha kubania umeme, na kuchukua kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta programu zinazoendesha kioo na vifaa vingine, maana zile za jumla zinazokuja na mfumo mara nyingine hazifahamu namna ya kubana matumizi ya kifaa hicho.

Hatua ya tatu ni kuupima mtungi wenyewe. Katika dirisha la amri iandikwe amri hii: powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza taarifa na kueleza ilipoihifadhi. Ndani yake mna tarakimu mbili zinazotosha kumaliza ubishi: kiasi ambacho betri iliundwa kuchukua, na kiasi inachochukua sasa ikijaa. Amri hiyo haina malipo, haihitaji intaneti, na haichukui dakika tano.

Betri yetu iliundwa kuchukua miliwati-saa 42,000, na sasa inachukua 36,500, yaani asilimia 87. Kwa umri wake hiyo ni betri nzima. Baada ya hatua tulizozieleza, kompyuta imerudi kwenye saa tatu na dakika kumi. Hatukununua kitu.

Jirani yetu, mwalimu, alikuwa na lalamiko lile lile kwa maneno yale yale. Taarifa ya kompyuta yake ilionyesha kwamba betri iliyoundwa kuchukua 48,000 sasa inachukua 18,700 tu, yaani asilimia 39. Hiyo ilikuwa imechoka kweli, tena kwa muda mrefu. Mfumo mpya ulikuja kuufichua ugonjwa uliokuwapo. Yeye tulimshauri anunue betri, si kompyuta. Hivyo lalamiko lilikuwa moja lakini hukumu zikawa mbili, na kilichozitofautisha ni ushahidi.

Tukumbuke pia kwamba betri hizi za lithiamu huchakaa kwa kutumika, kwa umri, na zaidi ya yote kwa joto. Mji wa Lushoto uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inajulikana. Huku bondeni, kama ilivyo Wete au Mkokotoni, kompyuta inayoachwa juani ndani ya gari inajiua yenyewe. Kuichomeka kwenye umeme mwaka mzima ikiwa imejaa nako ni kuizeesha. Watengenezaji wengi wameweka kipengele cha kuizuia isipite asilimia 80, na ofisi zenye umeme wa kudumu zikitumie. Aidha, betri iliyovimba isitobolewe wala isichajiwe tena. Iondolewe na fundi, na isitupwe jalalani, maana huweza kuwaka moto.

Lipo funzo la historia ambalo watendaji wetu hawana budi kulikumbuka. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine ilikwenda kombo, hasara ikapatikana, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Sisi hatusemi kwamba marufuku irudi. Dunia haiendi hivyo tena. Tunasema kwamba tatizo la wakati ule halikuwa chuma. Tatizo lilikuwa kununua chombo bila kujenga ujuzi wa kukitawala. Anayenunua betri kwa neno la fundi asiyepima anarudia kosa hilo kwa kiasi kidogo, na ofisi mia moja zikilirudia halitakuwa dogo tena.

Wala watengenezaji hatuwaachii hivi hivi. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba mfumo wake ulikuwa ukipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, kwa maelezo kwamba ni kuzuia zisizimike ghafla. Wenye simu hawakuwa wameelezwa waziwazi, na wengi waliamini kwamba simu zao zimekwisha. Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 mwezi Februari, 2020, na mwezi uliofuata ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 ili kumaliza kesi nchini Marekani, bila kukiri kosa. Nao Umoja wa Ulaya umepitisha sheria inayotaka, kuanzia tarehe 18 Februari, 2027, betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Wenzetu hawakupewa haki hizo kwa hisani. Walipima, wakadai, na wakaandika sheria.

Kutokana na hayo, tunatoa rai tatu kwa watendaji wa Serikali, wa bara na wa Visiwani.

Kwanza, ofisi yoyote isiidhinishe ununuzi wa betri au kompyuta mpya kwa sababu ya "kuisha chaji" mpaka taarifa ya betri iambatanishwe na maombi. Ukurasa mmoja unatosha, na mkaguzi wa hesabu atauelewa.

Pili, kabla ya kompyuta kuwekewa mfumo mpya, betri yake ipimwe na tarakimu ziandikwe daftarini. Asiyejua mtungi wake ulichukua ndoo ngapi jana hawezi kudai leo kwamba umepungua. Ifahamike pia kwamba fursa ya kurudi kwenye mfumo wa zamani hudumu siku 10 tu, na kwamba kurudi huko ni kurudi kwenye ghala lisilo na komeo. Kwa hiyo si dawa ya kukimbilia.

Tatu, zabuni za kompyuta ziweke sharti kwamba betri iweze kubadilishwa, na kwamba betri ya akiba ipatikane nchini kwa miaka isiyopungua mitano. Bei ya chini inayoficha betri iliyogandishwa kwa gundi ni bei ya juu iliyocheleweshwa.

Kwa wananchi, na hasa vijana wanaojifunza ufundi Korogwe, Tanga na Chake Chake, tunasema kwamba heshima ya fundi iko katika kipimo chake. Mteja akiuliza umejuaje, mwonyeshe tarakimu. Kuuliza si ujinga, na kupima si dharau.

Kompyuta si mzimu hata tuitolee kafara kila inapokasirika. Ni chombo, na chombo huendeshwa na anayekijua. Fedha ya kununulia betri zisizohitajika inatokana na jasho la mkulima wa chai wa Usambara na la mchuma karafuu wa Pemba. Kabla ya kuitumia, tuwaonyeshe ushahidi.