Kozi za Vyuo Vikuu Zitazame Mahitaji ya Visiwa

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, mashauriano mazito huanza katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Kijana amefaulu; sasa akasome nini? Mzazi aliyemsomesha kwa fedha za karafuu, za uvuvi au za mshahara mdogo hukaa naye barazani, wakaipitia orodha ya kozi za vyuo vikuu: sanaa, sayansi, biashara na teknolojia. Majina ni mengi na mengine ni mageni masikioni. Hata hivyo uamuzi hauna budi kupatikana katika muda mfupi, nao huongoza maisha ya miaka mingi. Tunaona ni wajibu wetu kulisemea jambo hili, kwani haliwahusu vijana na wazazi wao peke yao, bali linahusu mustakabali wa visiwa vyetu.

Kwanza hatuna budi kukiri kwamba hatua kubwa imepigwa. Miaka ya 1970 Mzanzibari aliyetaka shahada alilazimika kwenda Dar es Salaam au nchi za ng'ambo. Mwaka 1998 vyuo vya Tunguu na Chukwani, vilivyoanzishwa na taasisi zisizo za Serikali, vilifungua milango. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikapokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 2001. Leo katika visiwa hivi kijana anaweza kusomea ualimu, Kiswahili, udaktari, uhasibu, sharia, utalii na kompyuta. Mwaka 2023 taasisi ya teknolojia ya Madras, kutoka India, ilifungua tawi lake Unguja na kuanza kufundisha sayansi ya data na akili mnemba. Haya ni mambo ya kujivunia.

Lakini wingi wa kozi ni jambo moja, na manufaa yake ni jambo jingine. Kozi ya utawala wa biashara yahitaji chumba, ubao na mwalimu. Kozi ya kemia yahitaji pia maabara, dawa, vyombo, maji na umeme usiokatika. Kwa hiyo chuo chochote kinachoendeshwa kwa ada za wanafunzi huvutwa kufungua kozi zilizo rahisi kuendesha kabla ya zile ambazo nchi inazihitaji zaidi. Matokeo yake twayaona sote: vijana wengi wenye shahada zinazofanana, wakizunguka na bahasha zao katika ofisi zile zile chache. Hatusemi kwamba biashara ni fani duni. Watu wa visiwa hivi wameishi kwa biashara tangu enzi za majahazi. Tunalosema ni kwamba biashara haiwezi kusimama peke yake iwapo hakuna kinachozalishwa.

Tuchukue mfano wa mwani. Kilimo chake cha kibiashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu hapo kimewapatia akinamama wengi fedha zilizo zao wenyewe. Lakini aina ya mwani iitwayo cottonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, imekuwa ikifa kwa sababu ya joto la maji na maradhi. Wakulima wengi wamebaki na spinosum, ambayo bei yake ni ya chini, na sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa nje ikiwa imekaushwa tu. Nani atalitatua tatizo hili? Mtaalamu wa baiolojia ya bahari ataeleza kwa nini mwani unakufa na mbegu gani itastahimili. Fundi atabuni namna ya kuulima katika maji ya kina, ambako joto ni pungufu. Lakini maji ya kina yanataka chombo na kujua kuogelea, na akinamama wengi hawakufundishwa kuogelea. Hapo anahitajika mtu wa elimu ya jamii anayezifahamu mila na hali za vijijini. Na mtu wa biashara ndiye atakayewasaidia wakulima kuusarifu mwani huo hapa hapa na kuutafutia soko. Mkulima wa Paje anazihitaji fani zote nne kwa pamoja.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wasemao kwamba sanaa zifungwe ili sayansi zipate nafasi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Itakuwa aibu iwapo siku moja watu wa Unguja watalazimika kusafiri kwenda kujifunza elimu ya lugha yao. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na watalii wanaouzuru ni sehemu ya pato letu. Hata hivyo, sehemu ya jengo la Beit el Ajaib ilipoporomoka mwezi wa Disemba 2020 na kuua watu, tulikumbushwa kwa uchungu kwamba majengo hayo hayatunzwi kwa sifa tupu. Yanahitaji mhandisi anayeijua kuta ya mawe na chokaa, na yanahitaji pia mwanahistoria anayeweza kuzisoma nyaraka za kale, zikiwemo za Kiarabu.

Kuhusu sayansi, tukumbuke kwamba chuo kikuu huvuna kile kilichopandwa skuli. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne akiijua maabara kwa michoro ya kitabuni tu, hawezi kulaumiwa akizikimbia fizikia na kemia. Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Kwa hiyo kozi ya kwanza ya kupewa uzito ni ile inayotoa walimu wa sayansi na hisabati. Na walimu hao wapelekwe pia katika skuli za mashamba na za visiwa vidogo, wasirundikane mjini. Watoto wa kike nao wapewe moyo na nafasi sawa, kwani nusu ya akili ya taifa haifai kuachwa kando.

Kuhusu teknolojia, tungependa kutahadharisha juu ya kasumba moja. Wazazi wengi huona kwamba mtoto asiyepata shahada amepotea. Lakini hoteli, bandari na viwanda vinahitaji mafundi wa umeme, wa mabarafu, wa mitambo ya maji na wa injini za boti. Kijana mwenye stashahada na mikono iliyozoea kazi ni hazina kwa nchi. Vyuo vikuu navyo viweke njia ya wazi ili fundi huyo, akitaka kuendelea, apokewe kwa ujuzi wake bila ya kurudishwa nyuma.

Jambo jingine lisilofaa kufumbiwa macho ni hali ya Pemba. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Pemba ilikuwa na watu 543,441 kati ya watu 1,889,773 wa Zanzibar nzima. Hao ni zaidi ya robo. Hata hivyo kijana wa Micheweni au Mkoani bado hulazimika kuvuka bahari kwa kozi nyingi anazozitaka, na juu ya ada hulipa nauli, kodi ya chumba na chakula. Kwa familia ya kipato kidogo, gharama hiyo hutosha kuua ndoto ya kijana aliyefaulu vizuri. Pemba ndiko yaliko mashamba mengi ya karafuu. Kozi za kilimo cha viungo na usarifu wa mazao zikitiwa nguvu huko, mwanafunzi atakuwa karibu na kwao na karibu na kile anachokisoma.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kabla ya kozi mpya kufunguliwa, chuo kieleze hadharani kina walimu wangapi, kina vifaa gani, na wahitimu watafanya kazi gani. La pili, kila chuo kitangaze kila mwaka wahitimu wake wa kila kozi wako wapi: wangapi wameajiriwa, wangapi wamejiajiri na wangapi wanasubiri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali kubwa kuliko vijana wetu. La tatu, Serikali, kupitia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iipe uzito zaidi mikopo ya fani zenye upungufu, na itangaze mapema ni fani gani hizo, ili mzazi na mwanawe wazijue kabla ya kujaza fomu.

Kwa vijana tunasema: msichague kozi kwa uzuri wa jina lake wala kwa kuwa rafiki ameichagua. Waulizeni waliotangulia, watembeleeni wanaoifanya kazi hiyo, kisha mjipime. Kwa wakuu wa vyuo na wa Wizara tunasema: kila jina la kozi mnalolitangaza ni ahadi kwa mzee aliyeuza karafuu zake. Tunaomba ahadi hiyo itimizwe.