Visikilizio visivyo na waya: vijaribu kando ya jenereta

Najua nimepotea. Kazi zilinibana, na joto la Garissa mnalijua: mtu akifunga kompyuta jioni hana hamu ya kuifungua tena. Leo nimerudi na jambo linalonikera kwa muda sasa, nalo ni hivi visikilizio vidogo vya masikioni visivyo na waya. Hapa mjini wengi huviita "airpods" hata kama havina undugu wowote na Apple. Kondakta anavyo, mwanafunzi wa chuo anavyo, muuza miraa anavyo. Ukiuliza vipi ni vizuri unaambiwa, "Chukua hivi, vina besi." Basi, mazungumzo yameisha.

Mimi napinga kipimo hicho. Kwa mtu anayeishi huku kwetu, besi ndiyo iwe ya mwisho kuulizwa. Kwanza uliza vinakaaje sikioni, pili vinafanya nini na kelele, ndipo uulize sauti. Nimejifunza mpangilio huo kwa gharama, na gharama yenyewe haikuwa ya pesa tu.

Ninapoandikia programu zangu ni ghorofa ya kwanza, na chini ya dirisha langu kuna jenereta. (Ndiyo, kaunti yetu ina mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa mwaka 2019. Lakini umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, na nguzo ikianguka mtaani kwenu jua halitakuokoa.) Kila umeme ulipopotea jenereta iliwashwa, nami nilivaa visikilizio vyangu vya shilingi 1,200 na kupandisha sauti mpaka muungurumo ukafunikwa. Nilifanya hivyo miezi mingi. Kisha usiku mmoja giza liliingia mtaa mzima, hakuna jenereta hata moja iliyokuwa ikifanya kazi, na bado nikasikia mlio mwembamba kama wa mbu. Nikapunga mkono kuufukuza. Mbu hakuwepo. Mlio ulikuwa ndani ya masikio yangu.

Daktari aliniambia nipunguze sauti na nishukuru kwamba nimekuja mapema. Mlio haujaisha. Mchana nausahau, usiku unarudi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujihatarisha. Ukiongeza desibeli 3 tu, saa hizo zinakatwa nusu, zinabaki 20. Ongeza nyingine 3, zinabaki 10. Sasa fikiria mtu anayeweka sauti juu ya jenereta siku nzima. Ndiyo maana nasema habari hii si ya anasa.

Baada ya hapo nilijaribu jozi tatu kwa wiki kadhaa: yangu ya zamani niliyoinunua Soko Mugdi, ya binamu yangu ya shilingi 6,500 kutoka Islii, na ya rafiki yangu iliyomgharimu zaidi ya 30,000. Majina ya jozi hizo sitayataja, maana jozi moja moja haitoshi kumhukumu aliyeitengeneza.

KUKAA SIKIONI

Vile vijipira vya silikoni si mapambo. Kazi yake ni kuziba mlango wa sikio. Pakibaki mwanya hata mdogo, sauti nzito inatoroka na kelele za nje zinaingia. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba visikilizio vyake havina besi, mara nyingi amevaa kijipira kisicho saizi yake. Kwenye boksi huwa kuna saizi tatu au zaidi. Zijaribu zote, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto.

Huku kwetu kuna jasho pia. Kijipira kinachokaa vizuri saa moja asubuhi kinateleza saa saba mchana. Jozi ya binamu ilikuwa na vibawa vidogo vya mpira vinavyojibana kwenye kona ya sikio, na hiyo ndiyo pekee iliyobaki mahali pake nilipotembea juani kutoka Bula Iftin mpaka sokoni.

Halafu kuna jambo ambalo sijaliona likipimwa na wakaguzi wa majuu: hijabu. Nilimpa dada yangu mdogo jozi ile ya bei kubwa. Baada ya siku moja akairudisha. "Abowe, kila nikigeuza shingo kinakata simu." Kitambaa kilikuwa kikigusa sehemu ya kuamrisha kwa kidole, na maikrofoni ikawa imefunikwa, aliyempigia akasikia mkwaruzo tu. Dawa ya nusu ipo: fungua programu ya visikilizio kwenye simu uzime amri za kugusa. Visikilizio ambavyo havikuruhusu kuzizima havimfai mwanamke wa Garissa, hata vingekuwa na sauti ya peponi.

Mwisho, vumbi. Tazama alama ya IP kwenye boksi. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IPX4 maana yake vinastahimili matone ya maji, lakini ile X inakuambia kwamba kinga ya vumbi haikutajwa kabisa. Sony WF-1000XM5 za mwaka 2023, ambazo ni za bei kali, ni IPX4. Samsung Galaxy Buds FE za mwaka huohuo ni IPX2. Nothing Ear (a) za mwaka 2024, za bei ya chini kuliko Sony, ni IP54, yaani zimepimwa dhidi ya vumbi pia. AirPods Pro 3 za mwaka 2025 ni IP57. Kwa mtu anayeishi London tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu anayeshuka gari Dadaab si ndogo.

KUZIMA KELELE

Hapa ndipo watu wanaibiwa mchana kweupe, kwa hiyo someni polepole. Kwenye boksi kuna vifupisho viwili vya mtego: ANC na ENC. ANC inazima kelele masikioni mwako wewe. ENC inasafisha sauti ya maikrofoni ili yule unayeongea naye asisikie kelele zako. Wewe haikusaidii kitu kwenye jenereta. Jozi yangu ya 1,200 ilikuwa na ENC kwa maandishi makubwa, na muuzaji akaniapia kwamba "inaua kelele". Kweli, ilikuwa inaziua, lakini za mwenzangu.

ANC yenyewe inafanyaje kazi? Sauti ni mawimbi ya hewa, inasukuma na kuvuta. Maikrofoni ndogo ya nje inasikia kelele, chipu inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yakikutana yanafutana. Wazo ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936. Lakini lililolifikisha masikioni mwa watu ni ndege: Amar Bose alianza kulifanyia kazi baada ya safari ya ndege ya mwaka 1978 ambamo hakuweza kusikiliza muziki wake kwa raha. Mpaka leo wakaguzi wengi wanapima kwa ndege na treni za chini ya ardhi.

Sisi jenereta ndiyo ndege yetu, na hapa tuna bahati. Jenereta ndogo ya petroli kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50. Huo ni mngurumo mzito usiobadilika, aina hasa ambayo ANC inaipenda, kwa sababu chipu inaweza kuubashiri. Jozi ya 30,000 karibu iufute. Ya 6,500 iliupunguza kiasi cha kutosha hata nikashusha sauti ya simu chini ya nusu. Basi la Nairobi, kilomita zipatazo 370, matokeo ni yaleyale: injini ilififia, usingizi ukaja.

Lakini msidanganyike. Sauti za watu, honi na mtoto anayelia kiti cha nyuma hubadilika haraka na ni nyembamba, ANC haizikamati vizuri. Upepo ndio adui mkubwa kabisa. Juu ya boda boda, upepo uligonga maikrofoni za jozi ya bei kubwa, nikapata kelele nyingi kuliko nisingevaa kitu. Na hata zingefanya kazi, ningezivua. Barabara ina malori, tuktuk na ngamia wasiopiga honi. Ukiwa njiani tumia ile hali ya kupitisha sauti za nje, au uvae kimoja tu. Muadhini naye utamsikia.

SAUTI

Sasa tuje kwenye besi yenu. Mimi nikijichunguza, sehemu kubwa ya ninachosikiliza ni watu wakiongea: simu, sauti za WhatsApp, redio, mashairi, visomo. Sauti ya binadamu inakaa katikati, na besi iliyozidishwa inaifunika kama blanketi. Jozi yangu ya zamani ilifanya kila mtu aonekane anaongea ndani ya pipa.

Mnajua kwa nini hata visikilizio vya bei mbaya vinasikika vibaya kwenye simu? Bluetooth ya kawaida ina njia mbili. Ukisikiliza muziki inatumia njia pana. Maikrofoni ikiwashwa tu, inahamia njia nyembamba ya simu, yenye sampuli 8,000 kwa sekunde au 16,000 ukibahatika, wakati CD ni 44,100. Kwa hiyo kodeki ya LDAC inayofika kilobiti 990 kwa sekunde, ambayo wauzaji wanaitangaza sana, haikusaidii chochote kwenye mkutano wa kazi. Kitakachosaidia ni LE Audio na kodeki yake ya LC3, lakini lazima simu na visikilizio vyote viwili viwe nayo.

Na kama simu yako ni Tecno, Infinix au Samsung, fikiri mara mbili kuhusu AirPods. Zitacheza, ndiyo, lakini programu yake ya ndani husasishwa kupitia vifaa vya Apple.

NINGENUNUA NINI?

Mimi nilirudi Islii nikanunua jozi kama ya binamu. Ya 30,000 ilizima kelele vizuri zaidi, sibishi, lakini haikuzima mara tano zaidi, na ikipotea ndani ya basi hicho ni kilio cha mbuzi kadhaa.

Ukienda dukani, usikubali kusikilizishwa wimbo. Omba uvivae bila kucheza kitu, simama karibu na jenereta au feni kubwa, kisha washa na uzime ANC. Usiposikia tofauti, rudisha. Inama, tafuna, tikisa kichwa. Mpigie mtu aliye nyumbani umuulize anakusikiaje. Ukishavinunua usiviache kwenye dashibodi ya gari: Apple yenyewe inashauri vifaa vyake vitumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na kwetu nyuzi 35 ni mchana wa kawaida tu.

Na mkivivaa, sauti iwe chini. Mlio wa mbu asiyekuwepo hauna programu ya kuuzima, nimeshautafuta.

Haya, tuonane siku nyingine.