Kinywa cha Mgonjwa Ni Mlango wa Damu



Mgonjwa anayetibiwa saratani kwa dawa za mshipani hutunzwa kwa mengi: hupikiwa uji, hufuliwa shuka, na wenye mafua huzuiwa wasimkaribie. Kinywa chake aghalabu husahaulika, ilhali hatari kubwa yaweza kuanzia humo.

Kinywa cha kila mwanadamu kina mamia ya aina za bakteria. Kwa mwenye afya, utando wa kinywa huwazuia, na wachache wapenyao huangamizwa na chembe nyeupe za damu. Dawa za saratani hubomoa ngome zote mbili. Kwa kuwa hushambulia seli zinazozaliana upesi, huleta vidonda kinywani na pia hupunguza chembe nyeupe, ambazo mara nyingi hufikia kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Hapo bakteria wa kinywani, hususan jamii ya streptokoki, huweza kuingia katika damu.

Tusidanganyike kwa kutoona usaha. Usaha hutokana na chembe nyeupe zenyewe. Zikiwa haba, maradhi huenea kimyakimya, na pengine dalili pekee ni homa. Kipimajoto kikionesha nyuzi 38 au zaidi, mgonjwa apelekwe hospitalini saa ileile, hata kama ni usiku wa manane, na wahudumu waelezwe kuwa anatumia dawa za saratani. Kumpa dawa ya kushusha homa na kungoja kukuche ni kuificha dalili na kupoteza saa ambazo antibiotiki ya mshipani ingeweza kumwokoa.

Kinga nayo ipo. Meno mabovu yatazamwe kabla ya matibabu kuanza. Yakishaanza, jino lising'olewe bila idhini ya daktari wa saratani. Mgonjwa apige mswaki laini taratibu baada ya kula na kabla ya kulala, na asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo. Mswaki wa mti ni sunna tuipendayo, lakini nyuzi zake ngumu huweza kuchubua ufizi uliodhoofika; kwa siku hizo mswaki laini ni salama zaidi.

Mgonjwa ni amana. Kipimajoto kiwe karibu na kitanda chake, na kila aliyemo nyumbani ajue kukisoma. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.