Kongo yangu nataka nifike nayo kwenye roketi

Kwa upande wa picha nakubali: mchezo wa kompyuta wa Civilization VII unapendeza. Lakini mimi hapa Butembo nimebaki na ile ya VI, ya mwaka 2016, na si kwa sababu ya kompyuta yangu ya zamani tu. Ndani yake kuna Kongo ya mfalme Mvemba a Nzinga. Askari wake anaitwa Ngao Mbeba (nani kwetu atauliza ngao ni nini?) na anakatiza msituni bila kupunguza mwendo. Mtaa wa Mbanza nao haujengwi ila penye miti, basi ninajifunza kutofyeka ovyo. Kweli, mfalme huyo hawezi kuanzisha dini yake, hilo linaniudhi.

VII ilipotoka Februari 2025, Kongo haikuwamo. Tukapata Buganda, majirani wa ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, tena katika enzi ya mwisho tu, maana ilipotoka, kila enzi mpya ulilazimika kubadilisha taifa. Mdogo wangu wa Beni anasema hapo ndipo utamu ulipo. Mimi nikianza na Kongo tangu enzi za mawe, nimalize na Kongo enzi za roketi.